Gunia la Chomboni na Jaa la Nyumbani

Mpenzi msomaji, kabla sijakusimulia yaliyonipata, hebu nikuulize swali dogo. Ukila ndizi hapa shuleni, ganda unalitupa wapi? Na ukila ndizi nyumbani kwenu, ganda lile unalitupa wapi? Kama jibu lako ni moja, hongera, wewe ni mtu mmoja. Lakini kama majibu ni mawili, basi ndani yako wamo watu wawili, na insha hii nimeiandika kwa ajili yako. Usikasirike. Hata mimi mwandishi nilikuwa watu wawili, na siku niliyotambulikana nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwetu ni Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, kaunti ya Kwale. Wengi wenu mkisikia Wasini mnafikiri habari za watalii na pomboo. Watalii wengi huteremkia kijiji cha Wasini chenyewe, upande wa machweo. Sisi tuko upande wa mawio. Mtu akitaka kufika kwetu hushuka garini Shimoni, akateremka gatini, akapanda mashua. Barabara ya magari kisiwani hakuna. Wazee wetu huzungumza Kivumba, na wakikusikia unaongea Kiswahili cha vitabuni hucheka kwanza ndipo wakujibu.

Kisiwa chetu ni jabali. Mto hakuna. Kwa miaka mingi watu wa kisiwa wameishi kwa maji ya mvua yanayotiririka kutoka mapaani na kuingia katika birika, na mvua ikichelewa, maji yamevushwa kutoka bara kwa mashua, ndani ya mitungi. Kwa hiyo kwetu mtungi wa manjano wa lita 20 ni kitu cha heshima. Huingia nyumbani ukiwa na mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, unakuwa mtungi wa maji. Ukipasuka shingo, unakatwa ukawa beseni la kufulia. Ukipasuka tako, Baba huchukua kipande cha juu chenye mkono akafanya upo wa kuchotea maji yanayoingia chomboni. Vile vidogo vizima hufungwa kwenye nyavu vikawa maboya. Sijawahi kuona mtungi ukitupwa kwetu. Nataka ulikumbuke jambo hili, kwa maana mtu akisema watu wa visiwani hawajui kutumia kitu mara ya pili, atakuwa hajafika kwetu.

Sasa nikueleze kazi ya Baba. Baba ni baharia katika chombo kimoja cha kupeleka watalii Kisite. Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti ilianzishwa katika miaka ya 1970, na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Wageni huenda kutazama matumbawe, samaki, kasa na pomboo. Likizo moja ya Agosti, nilipokuwa Kidato cha Pili, Baba aliniombea ruhusa kwa nahodha nikaenda nao kwa siku moja.

Siku hiyo nilimwona baba ambaye sikuwa nikimjua. Kwenye tezi kulikuwa na gunia limefungwa kwa kamba mbili ili upepo wa kusi usilichukue. Kila kitu kiliingia humo. Karatasi, kopo, kijiti cha kuchokolea meno, vyote. Mgeni mmoja alimenya chungwa, akalirusha ganda baharini bila ya kuwaza. Baba akamwendea kwa adabu, akatabasamu, akamwonyesha gunia kwa mkono. Mgeni akaona haya. Baadaye upepo ukapeperusha kifuniko cha chupa kutoka mkononi mwa mtoto wa kigeni. Kifuniko kidogo tu, si kikubwa kuliko kitufe cha koti! Baba alivua shati, akajitosa majini, akarudi nacho kimeshikiliwa kwa meno. Wageni wakampigia makofi.

"Baba," nikamwambia, "kifuniko kimoja kingedhuru nini?"

"Mwanangu," akanijibu huku akikamua kaptura yake, "jamaa hawa hawaji kuniangalia mimi. Waja kuangalia matumbawe. Siku matumbawe yakiwa jaa, mimi na wewe tutakula nini? Chomboni hakuna jaa."

Chomboni hakuna jaa. Maneno hayo yalinikaa moyoni. Jioni tulirudi Mkwiro, tukaswali magharibi, tukala. Baada ya chakula Baba akatoa mfukoni pakiti ya juisi ambayo wageni walimpa. Akaitoboa, akainywa yote, akasimama, akaenda hadi ukuta wa nyuma ya nyumba, akairusha upande wa pili. Kwa! Akarudi, akaketi, akaendelea na hadithi ya pomboo.

Nyuma ya ukuta wetu kuna majabali, na chini ya majabali ni bahari. Ndilo jaa la nyumbani. Bahari ya pale nyuma na bahari ya Kisite ni bahari moja. Maji yakijaa huchukua ya huku yakapeleka kule. Mimi nililiona jambo hilo wazi, lakini sikusema kitu. Kwanza, mtoto hamkosoi babake. Pili, ndugu msomaji, sikuwa na mdomo wa kusema. Nami nilikuwa na pakiti yangu ya biskuti mkononi, na dakika tatu baadaye nayo ilifuata njia ile ile.

Na huku shuleni, je, nilikuwa nani? Walimu wangu wanajua. Nilikuwa msimamizi wa mapipa. Wakati huo shule yetu ilikuwa imeweka mapipa matatu karibu na bwalo: moja la taka zinazooza, moja la plastiki, moja la chupa na mikebe. Mimi nilikuwa na daftari. Mwanafunzi akitupa ganda la ndizi katika pipa la chupa, nilimwandika jina. Wenzangu walinipa lakabu ambayo sitaitaja hapa. Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, nilisimama mbele ya gwaride nikasoma hotuba kuhusu bahari safi, mkanipigia makofi, na Mwalimu Mkuu akanipa mkono. Haya yote ni kweli. Na ni kweli pia kwamba kila likizo, mkono ule ule uliopewa mkono na Mwalimu Mkuu ulikuwa ukirusha vitu nyuma ya ukuta.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa wiki ya pili ya likizo ile ile. Mkumbuke kwamba sisi wa bweni tuna desturi ya kuandika nambari zetu za usajili juu ya kila kitu, kwa sababu ya mikono mirefu ya baadhi ya wenzetu. Ndoo, kijiko, viatu, hata sabuni. Mimi nilikuwa na chupa ya jemu ya kioo, ambayo nilikuwa nimeiandika nambari yangu kwa rangi nyekundu ya kucha niliyomwomba dada yangu. Jemu iliisha muhula ukiisha, nikarudi na chupa tupu sandukuni. Siku moja nilikuwa nikisafisha sanduku. Nikaishika chupa ile, nikaitazama. Mawazo ya kuiosha na kumpa Mama atilie chumvi yalinijia, wallahi yalinijia. Lakini nilikuwa na haraka, wenzangu walikuwa wakiniita mpirani. Nikairusha nyuma ya ukuta. Nilisikia ikivunjika, nikaenda zangu.

Siku tatu baadaye maji yalikuwa yamekupwa sana, ni bamvua. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, wakati huo akiwa na miaka sita, aliteremka majabalini na kijiti chake kutafuta pweza. Nilikuwa barazani nikisoma nilipousikia ukelele. Mimi na Nyanya tulitoka mbio. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe, ameushika mguu kwa mikono miwili, na damu inapita katikati ya vidole. Hakuwa akilia tena. Alikuwa akiutazama mguu wake kama kwamba ni wa mtu mwingine. Nyanya alivua leso ya mabegani akaufunga kwa nguvu. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Alishonwa nyuzi tano na kudungwa sindano ya pepopunda. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiniambia masikioni, "Kaka, nilimwona pweza. Nilimwona kweli."

Jioni Baba alirudi kazini, akaambiwa. Hakusema neno. Alichukua tochi akateremka majabalini. Alikaa kitambo. Aliporudi alikuwa na kigae mkononi. Akakiweka juu ya mkeka, katikati yetu sote, karibu na taa. Kilikuwa na rangi nyekundu.

"Nambari hii ni ya nani?" akauliza.

Nilijua tangu alipofungua kiganja. Koo lilinikauka. Mama alikuwa hapo, Nyanya alikuwa hapo, na mdogo wangu alikuwa amelala na mguu wake juu ya mto.

"Ni yangu, Baba."

Kimya.

"Huko shuleni kwenu, chupa zinatupwa wapi?"

"Zina pipa lake, Baba."

"Na nani anayeliangalia pipa hilo?"

"Ni mimi, Baba."

Nilikuwa tayari kwa kiboko. Kwa hakika nilikuwa nakitaka, maana maumivu ya kiboko huisha. Lakini kabla Baba hajafungua kinywa, Nyanya aliyekuwa akipepeta mchele wa kesho aliuweka ungo chini akamtazama mwanawe.

"Na wewe," akasema, "huko chomboni mwenu, zatupwa wapi?"

Baba akainamisha kichwa. Mtu mzima mwenye ndevu, baharia anayepigiwa makofi na Wazungu, akainamisha kichwa mbele ya mamake.

"Katika gunia, Mama."

"Basi msimwulize huyu peke yake."

Usiku ule hakuna aliyepigwa. Ingekuwa heri.

Asubuhi Baba aliniita tukakaa wawili juu ya ukuta wa nyuma, miguu ikining'inia upande wa jaa. Mchana jaa halifichiki. Nilihesabu kandambili nne, hakuna hata mbili zilizofanana. Kulikuwa na chupa za maji, mikebe, vipande vya wavu, nepi za watoto, na pakiti za kila rangi. Nikajipa moyo nikamwuliza, "Baba, kwani kazini na nyumbani kuna tofauti gani?"

Alifikiri, kisha akanijibu kama anavyomjibu mtu mzima mwenzake. "Kule kuna gunia, hapa hakuna. Kule gunia likijaa, najua laenda wapi. Latelemshwa Shimoni, laondoka. Hapa nikikusanya, niyapeleke wapi? Gari la taka litapitia wapi, juu ya maji? Na kule," akasita kidogo, "kule natazamwa. Mgeni ananitazama, nahodha ananitazama, askari wa KWS ananitazama. Hapa nani ananitazama? Nyinyi wanangu. Nami nilidhani nyinyi hamuoni."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi, na naona yana mizani ya kweli. Mtu hutunza taka akipata vitu vitatu: chombo cha kuzitilia, mahali pa kuzipeleka, na jicho la kumtazama. Baba kazini alikuwa navyo vyote vitatu. Mimi shuleni nilikuwa navyo, hata daftari nilikuwa nalo. Tulipofika nyumbani tuliviacha gatini vyote.

Lakini usidhani kwamba kila mara kazini ndiko kuzuri na nyumbani ndiko kubaya. Mama yangu alikuwa kinyume chetu. Nyumbani kwake hakitupwi hata kipande cha uzi. Leso ikichakaa huwa ya kubebea mtoto, ikichakaa zaidi huwa ya kushikia sufuria, kisha tambara la kupigia deki. Chupa za soda za plastiki zina mafuta ya taa, zina siki, zina ubuyu. Na Mama hulima mwani. Wale wa bara labda hamjui: kina mama hupigilia vigingi katika maji mafupi, wakafunga kamba, na juu ya kamba wakafunga vichipukizi vya mwani kwa vijikamba vidogo vya plastiki, tunaviita taitai. Mwani ukikomaa huvunwa, hukaushwa na kuuzwa. Kule ng'ambo hutolewa utomvu wa kugandisha vyakula na dawa za meno. Basi wakati wa kuvuna, vijikamba vile vilivyokatika vilikuwa vikiachwa vielee. Siku ile ya kigae Mama hakusema kitu, ila nilimwona ameuinua mkono wake, anautazama. Baadaye alinieleza. "Nyumbani kila kitu ni changu," alisema, "ndiyo maana sikitupi. Shambani ile taitai iliyokatika niliiona haina mwenyewe."

Nyanya naye ana maelezo yake, na mimi nayapenda kuliko yote. Alisema, "Msijitukane sana. Nyuma ya ukuta tulikuwa tukitupa tangu zamani za bibi yangu. Lakini tulikuwa tukitupa nini?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nazi ikifuliwa, makumbi yalifukiwa matopeni, yakioza yakapondwa, yakasokotwa kamba. Kifuu kizuri kilitiwa mti kikawa upawa, kibaya kilikuwa moto wa kupikia. Chicha walipewa kuku. Makuti ni paa, na paa likichakaa ni kuni. Ukili wa mkeka uliochakaa uliwashia moto. Kilichobaki ni miba ya samaki na maganda ya muhogo, na hivyo vikirushwa nyuma ya ukuta, kaa na kunguru walivimaliza kabla ya adhuhuri. "Mkono wetu ni ule ule," Nyanya akasema. "Kilichogeuka ni kitu kilicho mkononi."

Ndugu zangu, mimi nimesoma vitabu vya mazingira, lakini sijaona mwandishi aliyelisema jambo hili kwa ufupi huo. Plastiki haina kunguru wake. Ukiirusha leo, wajukuu wako wataikuta.

Swali hili la nyumbani na kazini halikuanza Mkwiro. Niliporudi shuleni nilimhadithia mwalimu wetu mmoja, naye akanieleza kwamba mwaka 2007 wataalamu watatu wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa afya ya umma katika jimbo la Cornwall, wakiuliza kama tabia ya mtu kuhusu taka nyumbani ina uhusiano na tabia yake kazini. Waliona kwamba uhusiano upo. Nilifurahi kusikia hivyo, ingawa nilijiuliza kama wale wa Cornwall walikuwa na ukuta wa nyuma kama wetu. Nionavyo mimi, tabia ni kama maji ya birika. Haihami yenyewe. Ni lazima mtu aichote upande mmoja aimimine upande wa pili.

Na Baba aliichota. Ijumaa ile, baada ya swala, alirudi na magunia mawili makuukuu ya mchele. Akayafunga kwa kamba mbili kwenye mti wa uani, vile vile kama chomboni, kana kwamba nyumba yetu ingeondoka na kusi. Moja la plastiki, la pili la mikebe na chupa. Mabaki ya chakula ni ya kuku. Kisha mimi na yeye tukateremka majabalini na kusafisha kwa siku mbili. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Kila nilipookota kigae cha kioo nilikigeuza nitazame kama kina rangi nyekundu.

Kuhusu pa kuyapeleka, Baba aligundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake miaka yote. Kila asubuhi yeye huvuka kwenda kazini, na mashua huenda na nafasi. Magunia yakijaa huvuka nayo mpaka Shimoni, na huko hupatikana mnunuzi wa mikebe, vyuma na plastiki ngumu. Pesa si nyingi. Za mwezi wa kwanza zilitutosha majani ya chai na sukari nusu kilo. Mdogo wangu alisema chai ile ni tamu kuliko zote kwa sababu ni ya mguu wake.

Mama naye alifunga kikapu kidogo kiunoni cha kutilia taitai zilizokatika. Wenzake wengine walimcheka, wakamwuliza kama amepata kazi ya manispaa. Akawajibu, "Nyumbani situpi uzi wa leso, nitupe kamba ya mwani?" Wawili sasa wana vikapu vyao.

Nisikudanganye lakini kwamba mambo yote yametengenea. Zipo taka zisizo na mnunuzi: nepi, na pakiti laini za vibanzi na biskuti. Kuzifukia ni taabu, kisiwa ni jabali, jembe linalia ngaa! Kuzichoma ndiko tulikokuwa tukikufanya zamani, mpaka siku moja nilipotazama moshi ukielekea wapi. Masizi yalikuwa yakitua juu ya paa letu. Na mvua ikinyesha juu ya paa huenda wapi? Katika birika. Tulikuwa tukijinywea taka zetu wenyewe. Tumeacha kuchoma, na sasa kuna gunia la tatu kwenye pembe ya ua, limesimama, linatutazama. Dawa pekee tuliyoipata mpaka leo ni kupunguza kununua vinavyolijaza. Mama hununua sabuni ya mche badala ya vipakiti, na sokoni huenda na kikapu.

Sheria imetusaidia pia, wala tusiidharau. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zikapigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za taifa, bahari ya Kisite ikiwa mojawapo. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Lakini sheria ina macho ya mchana. Nyuma ya ukuta wa mtu usiku haioni.

Kinachonipa moyo zaidi ni walichokifanya ndugu zetu wa Lamu. Mwaka 2018 fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walimaliza kuunda jahazi la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, takribani tani 10, na kulivika mbavu zake vipande vya kandambili kama 30,000 za kila rangi. Wakaliita Flipflopi. Mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Baba alipoziona picha zake alitikisa kichwa akasema, "Kumbe gunia langu ni jahazi ambalo halijaundwa."

Nimalizie na sisi wenyewe, na hapa walimu wangu waniwie radhi. Muhula uliofuata nilirejea kwenye mapipa yangu matatu na daftari langu. Jioni moja niliamua kuyafuata mapipa yanapokwenda, kama Baba alivyolijua gunia lake linapokwenda. Nilisaidia kusukuma mkokoteni hadi nyuma ya jiko. Huko nilikuta shimo moja. Pipa la kwanza likamwagwa shimoni, la pili likamwagwa humo humo, la tatu likafuata, kisha kiberiti kikawashwa. Tulikuwa tukitenganisha mchana na kuchanganya jioni! Nami niliandika majina ya watu kwa sababu ya ganda la ndizi.

Simlaumu mtu. Aliyemwaga aliambiwa amwage, na shimo lilikuwepo kabla yetu sote, kama ukuta wetu wa nyuma. Nilimwendea mwalimu wa zamu nikamweleza kwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niliandike. Nimeliandika. Naomba mbele yenu nyote mambo mawili. La kwanza, lile pipa la plastiki na lile la chupa na mikebe yapate mnunuzi, hata kama pesa zake zitatosha chaki tu. La pili, taka zinazooza ziende katika shamba la sukuma wiki la shule, ambalo kila muhula hununuliwa mbolea. Mimi niko tayari kusukuma mkokoteni mwenyewe. Daftari la majina nimelichana. Kurasa zake safi nimeziandikia insha hii.

Kigae kile bado ninacho. Kimo sandukuni mwangu, kimefungwa kwa tambara la leso ya Nyanya, na nambari yangu inasomeka vizuri. Kila nikitaka kutupa kitu mahali ambapo sitazamwi, nakumbuka kwamba kila taka ina mwenyewe, hata isipoandikwa. Mdogo wangu amepona, ana kovu dogo chini ya kidole gumba. Likizo iliyopita maji yalipokupwa aliteremka tena majabalini na kijiti chake, bila viatu. Mimi nilikuwa juu ya ukuta nikimtazama kila anapokanyaga. Alirudi mikono mitupu, anacheka.

"Kaka," akasema, "pweza yupo. Kesho nampata."